Paja la Nguruwe Lililopotea Mchana wa Ramadhani

Mwaka 1957, hapa Kasongo, Kongo, baba yangu alifungwa kwa kosa la kuiba nguruwe.

Baba yangu, Muislamu. Mchana kweupe. Mwezi wa Ramadhani.

Someni tena polepole, nawangoja.

Mimi ni Mwamvita. Nina miaka sabini na minane. Simu hii ni ya mjukuu wangu, miwani ni ya marehemu mume wangu, lakini ulimi ni wangu mwenyewe. Kwa hiyo atakayekasirika anikasirikie mimi.

Haya basi.

Baba yangu aliitwa Lukumani. Alikuwa mpishi kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akinunua pamba kwa wakulima wa huku kwetu, tena kwa bei aliyoitaka yeye. Jina lake la kizungu hakuna aliyeliweza. Watu wakamwita Bwana Sasa-Hivi, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko yote.

Maji, sasa hivi. Chakula, sasa hivi. Mvua ikichelewa, naamini aliiambia vilevile.

Alikuwa na mke, Madamu, mama mwembamba aliyekuwa akiumwa kichwa kila alasiri. Walikuwa na binti mmoja, Clémentine, wa umri wangu, miaka kumi. Na walikuwa na mbwa, Medori. Mbwa huyo alikula nyama kila siku. Sisi tulikula nyama siku ya Idi.

Sasa, huyu Clémentine aliletewa sanduku kutoka kwao Ubelgiji.

Ndani kulikuwa na ubao wenye picha ya nyumba kubwa, yenye vyumba vingi kuliko watu. Kulikuwa na dadu, na karata zenye picha. Mkufu wa lulu umeibwa kwenye hiyo nyumba. Nani aliyeiba, na ameuficha chumba gani?

Karata mbili zinawekwa kwenye bahasha bila mtu kuziangalia. Moja ni ya mwizi, nyingine ni ya chumba. Zinazobaki mnagawana. Unauliza wenzako, na mwenye karata uliyoitaja lazima akuonyeshe. Ukionyeshwa, basi huyo si mwizi, unamfuta. Yule ambaye hakuna anayeweza kumtoa, ndiye aliye kwenye bahasha.

Mchezo mzuri. Shida yake moja tu: unataka watu watatu.

Clémentine alikuwa peke yake. Watoto wa kizungu wengine walikuwa mbali, na Madamu na kichwa chake hawakuwa wa kucheza dadu.

Ndipo tulipopandishwa cheo. Mimi, binti wa mpishi, na Emilienne, binti wa Raphaël, aliyekuwa akihudumia meza. Kila Alhamisi tulinawa miguu kwenye ndoo, tukapanda barza, yaani ukumbi wa mbele ya nyumba, tukakaa kwenye jamvi. Kwenye viti hapana, viti vilikuwa vya watu.

Clémentine alizaliwa Kongo, akasema Kiswahili kama sisi. Alitufundisha kwa ukali kuliko masista.

"Weye Mwamvita, usiseme jina la mutu kabla ya kuuliza! Unashtaki ovyo? Ukishtaki ovyo unatoka, unakaa kando, unatuangalia tu!"

"Hata kama ni mimi mwenye dadu?"

"Hata kama ni weye mwenye sanduku."

Kwenye karata zile walikuwamo watu sita: baroni, daktari, mjane tajiri, padre, mtunza bustani na mpishi. Mpishi alikuwa na kofia nyeupe na mashavu mekundu. Tulicheza miezi mitatu, na mpishi alitoka kwenye bahasha mara mbili tu. Padre alitoka mara tano, Emilienne akawa anafanya ishara ya msalaba kila mara.

Yaani kwenye sanduku la Ubelgiji, mpishi alikuwa mtu mmoja kati ya sita wa kushukiwa.

Kasongo, alikuwa mmoja kati ya mmoja.

Twende kwenye nguruwe.

Mwaka ule Pasaka ya Wakristo iliangukia katikati ya Ramadhani yetu. Bwana Sasa-Hivi akaagiza paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Likaja kwa lori kutoka Kindu, limefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga, likatundikwa kwenye kabati la waya nyuma ya nyumba. Sherehe ni Jumapili. Wageni ni daktari na padre.

Mnapaswa kujua kitu kimoja. Baba alipikia Wazungu miaka tisa na hakugusa nguruwe hata siku moja. Alipoajiriwa aliliomba hilo tu. Vitu vya nguruwe vilikuwa na kisu chake, sahani yake na mtu wake, naye ni Raphaël. Raphaël ndiye aliyekata, Raphaël ndiye aliyeosha. Baba alikuwa anazunguka mbali na kabati lile utafikiri lina nyoka.

Sasa Alhamisi ile, Raphaël alipata msiba. Shemeji yake amefariki Lusangi. Akaondoka kwa miguu na mke wake, Emilienne akabaki kwa bibi yake.

Jumamosi asubuhi Bwana akamwita baba.

"Lukumani. Nguruwe. Weye kata, weye pika. Kesho."

"Bwana, Raphaël hayuko. Mimi siwezi. Dini yangu..."

"Sasa hivi!"

Ndiyo majibu ya kila kitu.

Kutoka saa sita mpaka saa nane mchana, Wazungu walikuwa wanalala. Mji mzima ulinyamaza ili wao walale, hata kuku tuliwafukuza mbali. Saa nane Bwana akaamka, akaenda nyuma ya nyumba kuliangalia paja lake.

Kabati wazi. Paja hakuna.

Mayowe yalisikika mpaka sokoni.

Zamu, yaani mlinzi wa mlangoni, mzee Faradji, akathubutu kusema neno la akili. "Bwana, pengine ni mbwa. Kabati iko wazi."

Bwana akamtazama kama ametukanwa mama.

"Medori? Medori hapana mwizi! Medori alilala na mimi, chumbani, mlango nimefunga!"

Mnaona? Mbwa alipata wakili. Mbwa alipata shahidi. Kesi ya mbwa ilisikilizwa na kumalizika hapohapo, akaachiwa huru na heshima zake zote.

Baba hakuulizwa hata swali moja.

"Mpishi," Bwana akasema. "Ni mpishi. Sasa hivi!"

Polisi wawili walikuja. Walimkuta baba nyumbani kwetu, amekaa kwenye mkeka, na kofia yake kichwani. Mama yangu Amisa aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Ameiba nini, mumesema?"

"Nguruwe, mama."

"Nguruwe."

"Ndiyo, mama."

"Huyu? Mwenye saumu?"

Polisi mmoja, mtoto wa hapahapa, akaangalia miguu yake. Aliona haya. Lakini haya haikumzuia kufunga kamba.

Wakampeleka kasho, yaani jela. Siku ya Jumanne lori lilikuwa linapeleka wafungwa kutengeneza barabara ya Kabambare. Hiyo barabara watu waliijua. Ulienda na mgongo mzima, ukarudi nao umepasuliwa kwa fimbo, kama ulirudi.

Na juu ya fimbo, kulikuwa na aibu. Jioni ile, kabla ya magharibi, majirani walianza kupita mbele ya nyumba yetu polepole. Walitoa salamu, wakachungulia. Mmoja akamwambia mama eti pole, njaa ya Ramadhani ni mtihani mkubwa. Mama akamjibu ashukuru mlango ni mzito, vinginevyo angemtupia.

Nililia usiku kucha. Sikuwa na shaka hata kidogo juu ya baba. Mtu akikwambia maji yamepanda mlima, unamcheka. Nilitaka tu mtu mmoja mkubwa awacheke.

Hakuna aliyecheka.

Jumapili baada ya chakula, Clémentine alimtuma Faradji kutuita, mimi na Emilienne. Haikuwa Alhamisi. Mama hakutaka niende. Nikaenda.

Wageni walikuwa kwenye barza na kahawa zao. Kulikuwa na daktari mnene mwenye sauti, na padre mzee mwenye usingizi. Meza ilikuwa ya kuku. Bwana alikuwa amenuna kama amefiwa. Sisi watatu tulikaa pembeni kwenye jamvi letu.

Clémentine hakufungua sanduku. Alikuwa amekata karatasi, akachora watu wapya kwa penseli.

Lukumani. Raphaël. Faradji. Mama. Papa. Medori.

"Leo tunacheza ya kweli," akasema. "Mwenye kujua kwamba mutu fulani hakuiba, anachukua karata yake na anasema amejua namna gani. Atakayebaki bila mwenyewe, ndiye."

Hatimaye! Mtu mmoja Kasongo amekumbuka kuuliza.

"Raphaël?" Clémentine akaanza.

Emilienne akaichukua haraka. "Papa yangu iko Lusangi tangu Alhamisi. Muulize mutu yeyote kule. Kaburi amechimba yeye."

"Faradji?"

"Mimi," nikasema. "Saa za kulala alikuwa msikitini. Nilimwona anachota maji, nami nilipita na mtungi. Mwalimu alikuwa anamsemesha."

"Mama?"

"Mimi," akasema Clémentine mwenyewe. "Nilikuwa chumbani kwake. Alilala na kitambaa machoni."

"Medori?"

"Mimi tena. Nilisikia Papa anamwita ndani kabla ya saa sita, akafunga mlango. Mbwa hakutoka mpaka saa nane."

Akamfuta Medori kwa mstari mmoja.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu hiki ndicho kitu ambacho sikukisema kwa miaka mingi.

Jumamosi ile, kabla ya saa nane, baba alikuja nyumbani. Mama alikuwa shambani. Baba alisimama nyuma ya nyumba, mikono ameinyoosha mbele, mbali na nguo zake. Akaniambia nilete ndoo na kata.

Nikammwagia maji. Akachota udongo, akajisugua nao mpaka kwenye viwiko. Nikamwaga tena, na tena. Mara saba. Nilihesabu, kwa sababu watoto wanahesabu kila kitu.

Kwetu Kasongo kila mtoto wa Kiislamu anajua maana yake. Huoshi hivyo ukishika mavi ya kuku. Huoshi hivyo ukishika damu. Mara saba na udongo, ni vitu viwili tu: mbwa, au yule mwingine.

Nilimuuliza, "Medori amekulamba, baba?"

Akasema, "Mwaga maji."

Basi mimi nikajijibu mwenyewe. Medori alikuwa na tabia ya kulamba watu, na baba alishajiosha hivyo mara nyingi kwa sababu yake. Nikasahau.

Na sasa Clémentine amemfuta Medori. Mbwa alikuwa chumbani, mlango umefungwa, kutoka saa sita mpaka saa nane. Hakumlamba mtu.

Nikabaki na yule mwingine.

Nilitazama penseli, nikatazama karatasi. Nilitamani sana nisiwe nimefundishwa kufikiri. Miezi mitatu nimefurahia kumfuta huyu na yule, najiona mjanja, kumbe nanoa kisu cha kumkatia baba yangu.

"Wamebaki wawili," akasema Clémentine. "Lukumani na Papa."

Emilienne akaacha mdomo wazi.

"Mwamvita. Karata ya Lukumani. Kuna mwenye kumtoa?"

Nilijua sheria. Karata usiyokuwa nayo huchukui. Tulimfukuza Emilienne mchezoni wiki mbili kwa kosa hilohilo, hata mchezo wenyewe ukasimama, akalia.

Nilinyoosha mkono, nikaichukua.

"Mimi," nikasema. "Baba alikuja nyumbani saa sita. Saumu ilikuwa imemchosha. Alilala mpaka saa nane. Niliporudi na mtungi nilikaa mlangoni nampepea."

Nampepea! Sijui ilitoka wapi hiyo. Uongo ukishapata mlango haubishi hodi.

Clémentine alinitazama. Alinitazama sana, na macho yake yale ya rangi ya maji. Sikupepesa. Kisha akachukua penseli, akamfuta baba yangu kwa mstari mmoja ulionyooka.

Akasimama. Akaenda katikati ya barza, mbele ya viti vya watu, akasema kwa Kifaransa, ambacho tulishaanza kukielewa kwake, kwa sauti ya mtoto anayesoma somo:

"Ninashtaki. Ni Papa. Saa za kulala. Kwenye kabati la waya."



Halafu daktari akaanza kucheka. Alicheka mpaka kiti kikalia.

"Rafiki yangu! Nilikukataza mafuta mwezi wa pili. Moyo wako, nilikwambia. Ini lako, nilikwambia!"

"Sikugusa!" Bwana akasema. Shingo ikawa nyekundu, kisha masikio.

Madamu aliweka kikombe chini. Kichwa kikawa kimepona ghafla.

"Na soseji za Noeli?" akauliza. "Zile ulizosema kaziiba paka? Hatuna paka."

"Zile ni zile! Hii si mimi! Nililala, nakuapieni! Muulizeni..."

Nadhani alikuwa amesikia mwenyewe anachotaka kusema.

"Tumuulize Medori?" daktari akamsaidia.

Padre akafumbua jicho moja. "Jumamosi Kuu," akasema kwa huzuni. "Ilibaki siku moja tu ya Kwaresima, mwanangu."

Jamani, nilimwonea huruma. Kidogo sana, lakini nilimwonea. Mtu mzima anasema kweli, anaapa, jasho linamtoka, na kila anayemtazama ameshaamua. Kila anapokana ndivyo anavyozidi kuonekana mwizi. Alizungusha macho akitafuta uso mmoja wa kumwamini, hata wetu sisi wa kwenye jamvi.

Tulimtazama kwa adabu kabisa.

"Na yule mpishi?" padre akauliza. "Si umemfunga mtu?"

Bwana akauona mtego. Akimwacha baba kasho, wageni wataeneza habari kwamba anamfunga mtu kwa tumbo lake mwenyewe. Akimtoa, amekubali.

"Mutoe," akamwambia Faradji.

"Lini, Bwana?" Faradji akauliza. Mzee yule, Mungu amrehemu, alijitia hamnazo namna nzuri kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Mnajua alichojibiwa.

Baba alirudi kabla ya magharibi. Mji ulikuwa umeshapata habari, na habari ilikuwa imeshanenepa. Watu walisema Bwana alikula paja zima na mfupa. Tangu siku ile jina la Sasa-Hivi likafa, akaitwa Bwana Paja mpaka mwisho. Majirani walewale wa jana walipita tena, safari hii na ndizi za kufuturu. Yule wa mtihani wa Ramadhani alileta mkungu. Mama aliupokea, akafunga mlango.

Tulipomaliza kufuturu baba akaniita nyuma ya nyumba.

"Ulisema nini kule barza?"

"Nilisema ulikuwa umelala. Na mimi nakupepea."

Aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Leo ulifunga?"

"Nusu siku, baba."

"Nusu hiyo imeharibika. Uongo unavunja thawabu ya saumu. Utailipa baada ya Idi."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Mtu nimemtoa kwenye lori la Kabambare, ananidai nusu saumu!

"Na wewe, baba?"

Akatazama mikono yake.

"Mimi nilimwambia siwezi," akasema. "Nilimwambia mara tatu. Ningeligusa mchana, mbele yao, mimi na kisu, nalikata vipande, Ramadhani... Nikaona afadhali nilishike mara moja tu, nikalifukie ardhini. Nikaacha kabati wazi. Nilijua watasema ni mbwa."

Akatikisa kichwa.

"Miaka tisa nimempikia, Mwamvita. Nilifikiri mimi na mbwa, atamwamini nani."

Hapo ndipo nilipolia. Si kwa ajili ya kasho, wala kwa ajili ya uongo. Nililia kwa sababu nilimwona baba yangu akiwa bado anashangaa.

Aliendelea na kazi, msidhani aliacha. Nani angetulisha? Ila kuanzia wiki ile Madamu alifunga kabati la waya kwa kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Bwana akawa anapita mbele ya kabati akitazama upande mwingine.

Alhamisi ikafika. Tukanawa miguu, tukapanda barza. Raphaël alikuwa amerudi kutoka Lusangi, anapanga vikombe ndani. Clémentine akafungua sanduku, safari hii lile la lulu, akaanza kuchanganya karata.

Bila kuinua macho akasema, "Nilimwona."

"Nani?" nikauliza, na nilijua.

"Lukumani. Mama alilala, mimi sikulala. Nilikuwa dirishani. Alilibeba na gunia, mikono mbali, hivi." Akanyoosha mikono yake mbele, barabara kama baba. "Alichimba nyuma ya migomba. Nilifikiri anacheza."

Kumbe alijua tangu mwanzo. Alijua wakati anachora karatasi. Alijua nilipokuwa nampepea baba yangu mbele ya uso wake.

"Sasa kwa nini ulimfuta? Kwa nini ulisema ni baba yako?"

Alifikiri. Hakuwa mtoto wa kujibu ovyo.

"Lukumani aliiba," akasema. "Hiyo ni kweli. Lakini Papa alishtaki bila kuuliza swali hata moja. Anayecheza hivyo, anatoka."

Akagawa karata, moja kwangu, moja kwa Emilienne, moja kwake.

Emilienne alikuwa ametukodolea macho, mimi na yeye, yeye na mimi.

"Yaani ni mimi peke yangu niliyesema kweli siku ile?"

"Ndiyo," tukamwambia.

"Na mulinifukuza wiki mbili kwa karata moja ya mjane!"

Alitununia mpaka mwezi wa sita.

Bwana Paja aliondoka mwaka wa sitini, na masanduku yake na mbwa wake. Siku ya kupanda gari alimwambia Raphaël, mbele ya watu, kwamba hakula lile paja. Miaka mitatu imepita, nchi inabadilika bendera, yeye anawaza paja! Raphaël akamjibu, "Ndiyo, Bwana." Alimjibu kama tulivyofundishwa kuwajibu.

Na alikuwa anasema kweli, maskini. Kati ya maneno yote aliyowahi kusema Kasongo, hilo moja lilikuwa kweli tupu.

Sasa binti yangu Pascaline ananipigia simu kutoka mjini. Amemnunulia mtoto wake mchezo wa namna hiyo, wa kumtafuta mwizi. Muuzaji amemhakikishia kwamba unamfundisha mtoto akili, subira, na kupenda ukweli. Ananiuliza mimi nionavyo.

Akili, ndiyo, unafundisha. Sisi watoto watatu tuliupata ukweli kwa saa moja, na penseli moja, wakati watu wazima wenye bunduki na kasho walikuwa hawajui hata pa kuanzia. Subira pia unafundisha, muulize Emilienne.

Lakini ukweli tulipoupata, ilibidi tuamue nani wa kumpa. Hilo halikuandikwa kwenye sanduku. Mtu anayekuuliza ili ajue, mpe, hata kama unauma. Mtu aliyekwisha kufunga kamba kabla hajauliza hataki ukweli wako, anautafutia kazi tu ya kuikaza kamba hiyo.

Nimemwambia Pascaline amwachie mtoto acheze. Ila siku mtoto atakaposhika karata na kumtazama usoni bila kupepesa, asikimbilie kumpiga. Amuulize kwanza.